Vichwa Vinahesabika? Tumepima Matembezi ya Wanafunzi Wageni, Moshi na Arusha

Ukipokea wanafunzi wageni wa miaka 14 hadi 17, kila utakayemuuliza mjini atakutajia mbuga, halafu chemchemi ya Chemka. Hakosei. Ila mbuga ni kushinda garini, Chemka ni maji ya kina, na hao ni watoto wa watu. Tathmini hii ni kwa ajili ya familia wenyeji na walimu wanaoongoza vikundi vya wanafunzi wanane hadi ishirini. Kila sehemu tumeipima kwa maswali mawili: kijana atashika nini kwa mikono yake pale? Na je, mtu mzima akisimama mahali pamoja anaweza kuhesabu vichwa vyote bila kuita majina?

Mtalii mzima huridhika na kutazama. Kijana akikaa dakika ishirini bila cha kufanya anatoa simu. Mtandao ukikataa, anaanza kuzurura, na wawili wakizurura wa tatu anawafuata. Ndiyo maana sehemu yenye sifa kubwa mtandaoni inaweza kuwa mbaya kwa kikundi, na kijiko cha mbao juu ya chungu cha kahawa kikawatuliza saa nzima.

Materuni: ya kwanza kwetu

Materuni iko upande wa Uru, kwenye mteremko wa Kilimanjaro, kama kilometa 15 kutoka Moshi mjini. Unapata vitu viwili kwa siku moja: maporomoko ya maji yenye urefu wa mita 80 hivi, na kahawa inayotengenezwa kuanzia punje hadi kikombe. Kinachotuvuta zaidi ni kahawa.

Ratiba nzuri ni maporomoko asubuhi, chakula mchana, kahawa mwisho. Mlimani mawingu hushuka baada ya adhuhuri, na njia ya udongo ikilowa inateleza kama sabuni. Ondokeni mjini saa mbili asubuhi. Kipande cha mwisho cha barabara ni mwinuko mkali, kwa hiyo wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, usikubali gari lisilo na uwezo wa kuvuta magurudumu yote manne. Dereva akikwambia "tutajaribu", jua mtashuka kusukuma.

Kutembea hadi kwenye maji ni dakika 40 hadi 45 kwa mwendo wa kawaida, mkipita kati ya migomba na mibuni huku bonde likiwa upande mmoja. Mwongoza njia akae mbele, mtu mzima mmoja awe mkia na asipitwe na mtu yeyote, na kikundi kikizidi kumi na wawili awepo wa tatu katikati. Viatu viwe vya kufunga kamba, vyenye meno. Ndala ndizo zinazoleta vifundo vilivyoteguka, na huwa ni wakati wa kurudi, miguu ikiwa imechoka na wote wanakimbilia chakula. Kila mmoja abebe ndizi mbili na lita moja ya maji, maana chakula cha mchana huchelewa kila mara.

Penye maporomoko, maji ni ya baridi kali, baridi ya mlimani hasa. Wanaotoka nchi za theluji watajidai, kisha watatoka wakitetemeka. Kuloweka miguu na kujirusha kwenye sehemu ya kina kifupi ni sawa. Kusimama chini kabisa ya maji yanapoangukia ni marufuku, kwa sababu maji yale hushuka na mawe na vipande vya matawi. Na maji yakibadilika rangi ghafla kuwa ya udongo, ina maana mvua imenyesha juu: wote watoke wakati huohuo, picha ziachwe.

Sasa kahawa. Mwenyeji mzuri haanzi na kikombe, anaanza shambani: punje nyekundu, mashine ya mkono ya kumenyea, kisha mbegu zilizoloweshwa, zikaoshwa na kuanikwa mpaka ganda jembamba likakauka. Hapo ndipo vijana wanapopewa kinu. Wawili wawili, kila mmoja na mchi wake, wanapokezana kwa wimbo, na wimbo huo ndio unaozuia michi isigongane au kutua juu ya vidole. Kosa lao ni kutwanga kwa nguvu zote. Ganda linatoka kwa kuikwaruza mbegu, na ukiiponda unapata vipande ambavyo baadaye vitaungua kabla mbegu nzima hazijaiva. Kisha ungo. Kupepeta kunaonekana mchezo mpaka nusu ya kahawa iwe chini na mama mwenye nyumba amecheka.

Kukaanga ni kwenye chungu juu ya mafiga matatu, moto wa wastani, dakika kumi na tano au zaidi kidogo, kijiko kisisimame hata mara moja. Mbegu zinatoka kijani hafifu kwenda njano, zinanukia kama nyasi kavu, kisha kama mkate, halafu zinaanza kulia pa! pa! Moto ukiwa mkali nje inakuwa nyeusi na ndani mbichi, na kikombe kinatoka kichungu chenye ladha ya majivu. Hapa mtu mzima anahitajika kwa sababu moja: kila kijana anataka kuinama kupiga picha ndani ya chungu. Nywele ndefu zifungwe, mitandio iwekwe pembeni, na mwenye pumu akae upande upepo unakotoka. Baada ya hapo ni kutwanga tena, kuchekecha na kuchemsha. Kutoka kinu cha kwanza hadi kikombe ni kama saa moja na nusu, wote wako uwanja mmoja, na unaweza kuwahesabu ukiwa umekaa.

Mapungufu yapo. Vyoo vya shimo viko mbalimbali, na baadhi ya wasichana hawajawahi kuvitumia; waelekeze kabla, mbali na wavulana, na ubebe karatasi. La pili ni mbege. Pombe hii ya ndizi na ulezi hukaribishwa kwa moyo mweupe kabisa, kibuyu kinazungushwa, na mwenyeji haoni ubaya. Lakini chini ya miaka 18 ni pombe kama pombe nyingine, na mzazi aliye Ulaya hatakuelewa. Mwambie mwongoza njia mapema, siku ya kuweka nafasi, ili asiaibishwe mbele za watu: waonyeshwe mbege, wanuse, waelezwe inavyotengenezwa, basi.

Chemka: raha ya kweli, kwa masharti

Chemka, au Kikuletwa, au Maji Moto. Jina la tatu linadanganya, kwa sababu maji ni ya uvuguvugu tu. Ni chemchemi iliyozungukwa na mikuyu mikubwa katikati ya nyika kavu ya Hai, na samaki wadogo huja kudonoa miguu. Kutoka Moshi ni lami hadi Boma Ng'ombe, kisha vumbi. Hesabu saa moja na nusu kwa usalama, na wenye pumu waweke dawa ya kuvuta mfukoni, isiwe kwenye begi lililofungwa juu ya gari.

Wanafunzi wataipenda kuliko kitu chochote mtakachowaonyesha. Kwetu inashika nafasi ya pili, na sababu ni usafi wa maji yenyewe. Yanaonyesha mpaka chini, kwa hiyo macho yanadhani kina ni cha kifuani kumbe kinampita mtu mrefu. Tena maji hayajasimama: yanatoka chini na kuelekea kwenye mkondo, taratibu lakini bila kupumzika. Kijana anayejua kuogelea kwenye bwawa lenye ukingo wa kushika anaweza kujikuta amesogezwa mita kumi kabla hajagundua.

"Unajua kuogelea?" ni swali lisilo na faida, kila mmoja atasema ndiyo. Wapime. Sehemu ya pembeni, mmoja mmoja, aelee dakika mbili bila kushika kitu, kisha aogelee kwenda na kurudi mita kama kumi. Anayeshindwa avae boya muda wote, hata akinuna. Maboya ya kukodi hupatikana, lakini vuta kila mkanda na ubonyeze kila klipu kabla ya kulipa. Klipu iliyokufa hufungwa kwa fundo, na fundo majini hulegea. Kikundi kikiwa kikubwa, njooni na maboya yenu. Tairi za kuelea ni za kuchezea, usizihesabu kama kinga.

Gawa vijana wawili wawili. Filimbi ikilia kila dakika kumi, kila mtu anashika mkono wa mwenzake na kuuinua juu, nawe unahesabu mikono. Mtu mzima mmoja anayeogelea vizuri kwa vijana sita, na asiingie kucheza. Akae ukingoni akiwa amevaa nguo ya kuogelea, simu ameiacha garini. Usitegemee kuwa kuna mwokoaji wa kazi hiyo pale. Vijana wa kijijini ni hodari majini na wakarimu, lakini jukumu si lao.

Kamba ya kubembea ndiyo inayoumiza. Mtu anachelewa kuachia, kamba inamrudisha kwenye mizizi na shina. Au anaachia juu ya mwenzake ambaye hajatoka. Weka mtu mzima mmoja pale tu, na sheria iwe moja: anayefuata hashiki kamba mpaka aonekane wa mbele yake ameshika ukingo. Kurukia kichwa, hapana, hata pale panapoonekana pana kina. Mizizi iliyolowa ina utelezi. Viatu vya majini vinasaidia, au soksi nzito, ambazo watu huzicheka mpaka wajaribu.

Nendeni siku ya kazi na mfike kabla ya saa nne asubuhi. Mwishoni mwa wiki kuna muziki, bia na watu wengi hivi kwamba hata mama mwenye macho makali hawezi kujua kichwa kipi ni cha nani. Mkifika mkakuta umati, msiingie wote: nusu majini, nusu kwenye chakula, kisha mbadilishane. Tumbili wanajua sauti ya mfuko wa krispi unapofunguliwa. Vyakula vibaki ndani ya ndoo yenye mfuniko. Ondokeni saa tisa na nusu ili vumbi lote liishe kabla ya giza.

Mavazi yana neno moja. Majini, nguo ya kuogelea haina shida. Kutoka majini hadi kwenye gari au kibanda cha chakula, kanga kiunoni, wavulana fulana. Waambieni kabla, kwa sababu kuwaambia pale ni kuwaaibisha.

Ziwa Chala: kutazama tu

Chala ni ziwa la kreta, yaani shimo la volkano, mpakani na Kenya, mnaenda kupitia Himo, na rangi yake inabadilika kadiri jua linavyosogea. Matembezi ya ukingoni ni mazuri mno. Lakini kuogelea tunakataa moja kwa moja. Mwaka 2002, upande wa Kenya, binti Mwingereza wa miaka 18 aliyekuja kujitolea aliuawa humo na mamba. Utamsikia mtu akisema siku hizi hawapo. Huwezi kulipeleka neno hilo kwa mzazi. Kama vijana wamekuja na hamu ya maji, msiwapeleke Chala kabisa, maana kumzuia kijana asiingie kwenye maji ya buluu saa sita mchana ni ugomvi wa kutwa.

Marangu

Ni siku nzuri kwa kikundi kisichopenda kutembea sana, na lami inafika. Maporomoko ya Kinukamori ni mafupi ukilinganisha na Materuni, lakini yana hekaya ya binti Makinuka, aliyepata mimba kabla ya ndoa akaenda kujitupa. Msimulizi akiwa mzuri, vijana wananyamaza. Mjue mapema kwamba hekaya inagusa kujiua. Kama kuna kijana anayepitia kipindi kigumu, zungumza na mwalimu wake kwanza.

Mapango ambayo Wachaga walijichimbia ili wajifiche nyakati za vita na Wamaasai ndiyo yanayobaki kichwani mwao. Ni mafupi, mnainama, penye kona mnatambaa. Wenye hofu ya sehemu finyu wasilazimishwe wala kutaniwa. Abaki mtu mzima mmoja nje pamoja nao. Hesabu wanaoingia, hesabu wanaotoka, na simu zitakazotumika kama tochi ziwe na chaji. Uvimbe wa kichwa ni jambo la kawaida, kofia laini inatosha.

Arusha: Duluti na Tengeru, ukipenda siku iliyojaa

Kwa walio Arusha, Jumamosi moja Tengeru inashinda mizunguko mingi ya mjini. Ziwa Duluti ni la kreta, limezungukwa na msitu wa hifadhi, na njia ya kulizunguka haikuchoshi. Asubuhi utaona kenge wakiota jua na ndege wa kila namna. Mitumbwi inaendeshwa na vijana wenyewe kwa kasia, ndiyo maana inafaa. Boya kwa kila mmoja, mtumbwi wa mwongoza njia uwe nyuma, si mbele kama wanavyopenda, kwa sababu anayezama hayuko mbele.

Karibu na hapo, ndani ya eneo la chuo cha mifugo, kuna makaburi ya Wapolandi. Mwaka 1942 walianza kuletwa Tengeru wakimbizi waliokuwa wamehamishwa kwa nguvu na Wasovieti kutoka Poland, wakapitia Iran. Kambi ilifikia watu kama 5,000, wengi wanawake na watoto. Kijana Mzungu aliyezoea kuona Afrika ikitajwa kama mahali watu wanapokimbia anakuta majina ya Kipolandi chini ya miti ya Meru, ya watu waliokimbilia huku. Hakuna sehemu nyingine ya mkoa inayozua maswali mengi hivyo kwa dakika arobaini. Ombeni ruhusa getini, semeni kwa sauti ya chini.

Malizieni soko la Tengeru, ambalo hujaa Jumatano na Jumamosi. Hapa hesabu ya vichwa inavunjika, hivyo usiwaache tu watembee. Wape kazi: vikundi vya watatu pamoja na kijana mmoja mwenyeji, shilingi 5,000 kwa kikundi, na orodha ya vitu vitano vya kachumbari na mchuzi wa jioni, waviombe kwa Kiswahili na wapatane bei. Dakika 45, mkutane penye gari. Picha za wauzaji ni kwa ruhusa tu. Na waandaeni kwa kuitwa: Mjapani ataitwa "Mchina" mara kumi kabla ya kufika kwenye nyanya. Mfundisheni kujibu, "Mimi Mjapani, mama, shikamoo." Soko zima litacheka naye.

Mjini kwenyewe, Makumbusho ya Azimio la Arusha na Makumbusho ya Elimu Viumbe kwenye Boma la Wajerumani yanatosha asubuhi moja, si zaidi. Meserani, kwenye barabara ya Dodoma, kuna koboko, moma na chatu nyuma ya vioo, na zahanati inayotibu walioumwa na nyoka. Vijana wanapenda, saa moja na nusu inatosha.

Hifadhi ya Taifa ya Arusha ndiyo mbuga tunayoipendekeza kwa umri huu, kwa kuwa inaruhusu kutembea kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi mwenye bunduki, karibu na twiga na nyati. Wengi hukwama getini. Viwango vya ada hutenganisha walio na miaka 16 na kuendelea na wale wa 5 hadi 15, na mgeni anayeishi nchini kwa kibali hulipa tofauti na mtalii. Bila nakala ya pasipoti, kijana wa miaka 15 mwenye ndevu atalipishwa kama mtu mzima. Fedha taslimu hazipokelewi. Ni kadi au namba ya malipo, kwa hiyo malipo yafanywe siku moja kabla.

Magari na waongozaji

Bei usiulize kwa jumla. Uliza kama ndani yake kuna gari, mafuta, kiingilio, ada ya kijiji, mwongozaji, chakula na maji, kisha iandikwe. Bei ya mwanzo ikiwa ndogo kupita kiasi, kiingilio kitajitokeza getini. Flaikacha, yaani mpiga debe wa watalii, anayewakuta vijana penye mnara wa saa au stendi anaweza kuwa mtu mwema kabisa, lakini hana kampuni ya kumdai likitokea la kutokea. Muombe mwenye kampuni leseni ya utalii na bima ya gari, na uangalie jina kwenye leseni kama ndilo lililoandikwa kwenye risiti.

Gari: mkanda kwa kila kiti, uuvute mwenyewe siku moja kabla. Noah ya watu saba isibebe tisa kwa sababu "ni watoto". Bodaboda, hapana, hata kwa dakika tano kutoka barabarani hadi nyumbani. Dereva na mwongozaji wasibadilishane namba za simu na mwanafunzi yeyote; mawasiliano yote yapitie kwa mwalimu au mama mwenyeji. Anayekasirikia sharti hilo, tafuta mwingine.

Chakula kina mtego mmoja ambao wenyeji tunausahau: karanga. Ziko kwenye mchicha, kwenye kisamvu, wakati mwingine kwenye mchuzi, na mpishi akiulizwa "kuna karanga?" atajibu hapana kwa sababu zimesagwa. Uliza, "Umeungia nini?" Kama kuna kijana mwenye mzio, mpishi atajiwe karanga waziwazi, na aonyeshwe dawa ya sindano ya kijana huyo ilipo. Machalari na mtori, vyakula vya ndizi, kwa kawaida ni salama, ila bado uliza.

Na kahawa ya Materuni wataibeba kwao. Iliyokaangwa siku hiyohiyo inaendelea kutoa hewa, na ikifungwa kwa nguvu kwenye mfuko usiopumua, huvimba na kupasuka ndani ya sanduku la nguo. Waambieni waiache wazi usiku mmoja mezani, waifunge kesho yake.